Mwaka Tuliotafuta Mahali pa Kukata

Dokta Sakina alifika msibani wakati wali umeshaanza kugawiwa. Nilimwona akishuka kwenye bajaji nje ya uzio, mtandio mweusi umemfunika mpaka mabegani, mkono mmoja kiunoni kama mtu aliyetoka Tanga bila kunyoosha mgongo, na kabla sijasimama alikuwa ameshavua viatu, ameingia walikokaa wanawake, ameketi mkekani na kuinamisha kichwa. Hakulia kwa sauti, lakini mabega yalitikisika kwa muda mrefu. Mama Kabula tulikuwa tumemzika jana yake. Wanawake wawili waliokuwa karibu nami wakaulizana kwa Kisukuma huyu mama wa Kiislamu alikuwa nani kwa marehemu, maana analia kama mtoto wa kumzaa. Niliwajibu mimi: "Alikuwa mpangaji wake. Na mimi pia." Niliona jibu halikuwatosha. Mtu hatoki pwani kuja Bariadi kumlilia mwenye nyumba tu.

Baada ya kula alinisogelea, akanishika mkono, akaugeuza akatazama kiganja kama alivyozoea kufanya zamani kabla sijavaa glovu. "Minza," akasema, "umezeeka vizuri." Nikacheka nikiwa na machozi. Siku hizi vijana wa maabara wananiita mama, na wageni wakija huniuliza nilianzaje kazi hii ya kubuni vimeng'enya, nami huwapa jibu fupi la masomo na vyuo. Jibu refu ni mwaka mmoja tu, niliouishi katika nyumba ya Mama Kabula, kabla Simiyu haijawa mkoa, nikiwa nimetoka chuoni na shahada ya kemia ambayo hapa mjini hakuna aliyejua itumike wapi. Dokta Sakina ndiye aliyejua. Alikuwa amehamishiwa Bariadi kutoka pwani, akapewa vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba, akaambiwa hiyo ndiyo maabara. Alihitaji msaidizi mmoja, na nilikuwa mwombaji pekee.

Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vilivyotazamana na sebule moja ndefu, bati juu, dari hakuna, na kuta zilizoishia chini ya kenchi, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, aliye chumba cha kwanza alimwambia afya. Asubuhi nilisikia Dokta akisali upande wangu wa kushoto, na upande wa kulia Mama Kabula, Mkatoliki wa kutokosa misa, akisali zake, wakati mwingine wote kwa pamoja, Kiarabu na Kisukuma vikikutana juu ya ukuta. Kisha harufu ya kuni. Tulikula sebuleni, sahani moja kubwa: ugali wa dona na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, siku nyingine dagaa kutoka Kalemela, na kila tulipokosa mboga, michembe iliyochemshwa na karanga. Dokta mwanzoni alivitafuna vile vipande vya viazi vikavu kwa adabu tu, akitamani nazi. Ilipofika masika alikuwa akiamka na kuuliza kama imebaki ya jana.

Michembe ndiyo iliyomwingiza Mama Kabula katika kazi yetu, au yeye kutuingiza katika yake. Alikuwa na shamba Ipililo, na misimu miwili mfululizo viazi vyake vilitoka vidogo kama vidole. Majani yalijikunja, yakapauka, shina likadumaa. Wakulima waliita uchovu wa ardhi. Dokta alijua kwamba ni virusi, vinavyohama kutoka msimu hadi msimu ndani ya marando, mashina yale yale ya viazi ambayo akina mama huyatunza bondeni kiangazi kizima ili wapate mbegu mvua zikinyesha. Jambo baya zaidi ni kwamba rando linaweza kubeba virusi na bado likapendeza, likawa la kijani kibichi, na mkulima akalichagua kuwa mbegu kwa sababu ya uzuri wake.

Jioni moja Mama Kabula aliuliza hasa tunafanya nini kule ghalani. Dokta alichomoa uzi kwenye ukingo wa khanga yake, akaunyoosha mezani. "Virusi hivi maagizo yake yote yameandikwa kwenye uzi kama huu, unaitwa RNA. Herufi nne tu, zinarudiwa maelfu ya mara. Mimi nataka kutengeneza mkasi mdogo sana, wenye mikono miwili. Mkono huu unasoma herufi za upande huu, mkono huu za upande huu, zikilingana unashika. Katikati ndipo panapokata."

"Mkasi wa chuma?"

"Hapana, mama. Ni kipande kifupi cha DNA, kinatengenezwa na mashine huko nje. Sisi tunachagua herufi zake. Tukibadilisha mikono, tunabadilisha mahali pa kukata."

Mama Kabula alifikiri, mkono umeshika tonge. "Mkishaukata, kiazi kinapona?"

"Hakiponi."

"Basi mnakata ya nini?"

"Ili tujue vimo. Mkasi unaokata uzi wa virusi hivi tu, na si uzi mwingine wowote duniani, ukikata kitu kilichotoka kwenye jani lako, jani hilo limeugua. Usipokata, rando ni safi. Unajua kabla hujapanda."

"Haya," Mama Kabula akasema, "mkimaliza mniambie," akala tonge lake. Alisema kama mtu anayemwambia fundi amalize kuezeka.

Hatukumaliza upesi. Taabu ya RNA ni kwamba dunia nzima inaikata. Jasho lina vimeng'enya vya asili vinavyoikata, vumbi linavyo, mate yanavyo, maji ya bomba yanavyo, na vyenyewe havichagui mahali. Tuliandaa RNA yetu asubuhi, nzima, nzuri, na kufikia mchana ilikuwa imesagika. Tulipoipitisha kwenye jeli, ambayo hupanga vipande kwa urefu wake, na kuimulika, badala ya mstari mmoja tuliona ukungu. Dokta alinifundisha kuvaa glovu mbili, kutoongea nikiwa nimeinamia vichupa, kuchemsha na kutia dawa maji yote. Msimu wa kununua pamba ulipoanza, nyuzi nyeupe ziliruka kutoka ghalani zikapita chini ya mlango, nasi tukaziba mlango kwa mashuka ya Mama Kabula yaliyolowanishwa. Joto la mle ndani lilitosha kuumua mkate. Nilikuwa kijana, na nakiri nilifurahi hata katika kushindwa kule. Sijapata tena kuhisi kwamba kila siku inaweza kuwa ndiyo siku yenyewe.

Ndipo nikasikia yale maneno. Nilikuwa nimelala na homa, saa za mchana, na Dokta alirudi kuchukua kitu akapigiwa simu. Sikutaka kusikiliza, lakini kuta zile hazikumpa mtu hiari. Alisema, "Naelewa, mkuu. Mpaka mwisho wa mwaka wa fedha." Kimya. "Kama hakuna matokeo, mnafunga, nimekuelewa." Kimya tena. "Na msaidizi wangu?" Sauti ya upande wa pili sikuisikia, ila nilimsikia yeye akikaa kitandani, chaga zikalia. Hakuniambia kitu siku ile wala zilizofuata. Alinipikia uji wa pilipili manga, akaniletea kitandani, akanisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiwatoa homa kwa kuwachekesha. Nilimtazama nikajua amebeba mzigo na anauficha ili nisinyooshe mkono kuupokea.

Wiki chache kabla ya mwaka wa fedha kwisha, mistari miwili ilitokea. Nilikuwa peke yangu mbele ya taa ya kumulika jeli. RNA nzima juu, na chini yake vipande viwili, vyembamba, safi, kwa urefu ule ule tuliokuwa tumeukokotoa. Nilikimbia mpaka ofisini kwa Dokta nikiwa na glovu mikononi.

"Dokta, tumepata!"

Alikuja, akainama, akatazama muda mrefu. Nilingoja anikumbatie. Akasema, "Mkasi butu umefika?"

Mkasi butu tuliuita hivyo sisi. Ulikuwa sawa na mkasi wetu kwa kila kitu, mikono ile ile, isipokuwa herufi moja ya katikati ilibadilishwa ili uweze kushika lakini usiweze kukata. Tulikuwa tumeuagiza pamoja na ule mwingine, lakini kifurushi chake kilikwama Mwanza.

"Haujafika," nikasema. "Lakini taarifa inatakiwa Ijumaa. Tuandike sasa, butu ukija tutaleta nyongeza."

"Ukishawaambia watu umekata, Minza, hawakusikii tena unapowaambia hukukata."

"Watafunga maabara. Nilikusikia kwenye simu. Kuta hazifiki juu."

Alivuta kigoda akaketi, akavua miwani. "Basi na mimi niseme ulichokisikia. Ni kweli, watafunga. Na mimi nina watoto Tanga wanaoniuliza kila Jumapili narudi lini, na ningependa sana kurudi nikiwa na kitu mkononi. Usidhani nimesahau. Lakini mistari ile sijui imekatwa na nani."

Butu ulifika Alhamisi, kwa basi la mchana, ukiwa ndani ya boksi lililofungwa kamba ya katani. Tuliuweka kando ya mkali, RNA ile ile, maji yale yale. Tulipomulika, pande zote mbili zilikuwa na mistari miwili iliyofanana. Mkasi usioweza kukata ulikuwa umekata. Maana yake mkasi wetu haukuwa umefanya lolote. RNA ilikuwa inavunjika yenyewe mahali pale, kwa uchafu kidogo tu wa jasho au vumbi, kwa kuwa tulipachagua palipo wazi na palipo dhaifu. Dokta aliandika taarifa usiku huo huo, ukurasa mmoja: hatujafaulu, tulidhani tumefaulu, na hii ndiyo sababu. Akaituma.

Nilimkasirikia. Leo nikiwafundisha vijana natumia kisa hiki, na wao hutikisa vichwa kwa heshima, lakini hakuna anayejua jinsi ukweli unavyouma ukiwa unakula kazi yako. Nilikaa chumbani, sikutoka kula. Mama Kabula alisimama mlangoni. "Mayu," akaniita kwa Kisukuma, yaani mama, "kama mmegombana, gombaneni mnakula. Mimi siwezi kupakua mara mbili, hapa sina mwali wa kunisaidia." Nikatoka. Tukiwa tunakula Mama Kabula mwenyewe akauliza imekuwaje, na Dokta akamweleza yote, hata sehemu ya kuaibisha: kwamba tulitaka kushangilia na kumbe hakuna kitu. Mama Kabula alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mmekosea," akasema. "Tumekosea," Dokta akajibu. Mama Kabula akamsogezea bakuli la maziwa mgando.

Tulingoja barua ya kufungwa. Julai ikapita. Agosti hivyo hivyo. Sijui kama taarifa yetu ilisomwa na mtu mwenye moyo, au iliwekwa chini ya karatasi nyingine. Dokta mwenyewe, tulipoongea juzi mkekani, alisema hajawahi kujua. Umeme haukukatwa na hakuna aliyekuja kuchukua funguo, nasi tukaendelea kwenda kazini kama watu waliosahauliwa kwa heri.

Wazo la kuhama mahali lilikuwa langu, na silisemi kwa unyenyekevu kwa sababu lilinipa maisha. Nilikuwa nafua, nikafikiri: tulipachagua pale kwa sababu palikuwa rahisi, na ndiyo maana kila kitu kinaweza kukata pale. Tuchague pagumu. Pasipovunjika penyewe, hata jasho likiingia, ili pakikatika tujue ni sisi. Dokta aliposikia alisema, "Pagumu hapafikiki, mwanangu. RNA hainyooki kama ule uzi wa khanga. Inajikunja, inajishika yenyewe. Sehemu ngumu zimefichwa ndani ya mikunjo."

"Tuitazame mikunjo."

Kompyuta ilituchorea mikunjo hiyo, lakini kwenye kioo kidogo kile sikuelewa. Basi Jumapili moja, Mama Kabula akiwa kanisani, tulichana shuka kuukuu kuwa utepe mrefu, tukaandika herufi kwa kalamu ya wino mzito, tukautandaza sebuleni na kuushika kwa pini mahali unapojikunja. Ulijaa sakafu nzima, ukapita chini ya meza ukatokea upande wa jikoni. Mama Kabula alirudi na gauni lake la misa, akatukuta tumepiga magoti, akainua pindo, akatuvuka. "Mwadila," akatusalimu kwa Kisukuma. "Chakula mtakula wapi?" Tulikula uani siku tatu. Siku ya tatu, nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni, niliona mahali ambapo mkunjo unaanza: upande mmoja herufi ziko wazi, upande wa pili zimeshikana. Nikamwita Dokta. Kama mkono mmoja wa mkasi ukiwa mrefu, ushike kwanza penye uwazi, ukishatulia, ule mkono wa pili si utaweza kufungua mkunjo pole pole, kama mtu anayeingiza kidole kwenye fundo? Dokta alijilaza sakafuni kando yangu na mtandio wake, akatazama. "Hewallah," akasema. "Hewallah, Minza."

Tuliagiza mkali na butu kwa pamoja, tukasema haitumiki mpaka yote imefika. Ilifika mfungo wa Ramadhani ukiwa katikati. Dokta alifanya kazi bila tone la maji katika joto lile, midomo imekauka. Mchana ule jeli ilipokuwa tayari aliiweka juu ya taa, kisha akageuka akatazama ukuta. "Soma wewe," akasema. "Macho yangu yana njaa."

Nilisoma. "Butu: mstari mmoja, juu, mnene."

"Mkali?"

"Mistari miwili." Nikahesabu tena. "Juu hakuna kitu, Dokta. Imekatika yote."

Hakugeuka mara moja. Aliweka paji la uso ukutani, akasema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo, na nilipomwendea tulishikana tukalia, glovu zetu zikiacha alama za maji mgongoni kwa kila mmoja. Tulirudia kesho yake, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Magharibi ya siku hiyo ya mwisho Mama Kabula alifuturisha nyumba nzima kwa uji wa mtama na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza kisha kukaushwa, na akakumbusha tu, kama jambo la kawaida: "Mlisema mkimaliza mniambie. Twendeni Ipililo."

Barua ilikuja baadaye, na haikuwa ya kufunga, ilikuwa ya kumhamisha. Dokta aliondoka Desemba kurudi karibu na watoto wake. Mimi nikabaki na vyumba viwili na funguo, kisha nikapata nafasi ya kwenda kusoma, nikarudi. Njia tuliyotumia mwaka ule ilikuwa ndefu na ya taabu: kuchukua jani, kutoa RNA, kuinakili iwe nyingi, kuijaribu kwa mkasi, kumulika. Leo tunazo fupi, zinazong'aa ndani ya kichupa pale mkasi unapokata, na wanawake huleta marando yao kwenye ndoo wakajibiwa siku hiyo hiyo. Watu wakinisikia nikisimulia husubiri nifike kwenye ile mistari miwili. Mimi mwenyewe husubiri siku nyingine.

Ilikuwa Novemba, mawingu yamekaa upande wa ziwa lakini hayajaamua. Tulikuwa tumechuma majani bondeni kwa Mama Kabula, tukafunga kila shina kamba yenye namba, na sasa tulirudi na majibu. Rando lililougua tulilifunga utepe mwekundu. Tulifunga sana. Mama Kabula alitufuata nyuma, mpaka tulipofika kwenye rando moja kando ya kisima, refu, lenye majani mapana yanayometa, hakuna hata moja lililojikunja. Hilo ndilo alilolitunza kuliko yote. Alilimwagilia kwa kopo kiangazi chote. Niliinama nikafunga utepe mwekundu.

"Hilo hapana," akasema.

"Hilo nalo, mayu."

"Ng'wana wane, mwanangu, litazame."

"Nimelitazama."

Alimgeukia Dokta. Dokta akaniachia mimi. Mama Kabula alichutama, akageuza jani moja, akatazama chini yake, akageuza lingine. Nilijua namwomba jambo kubwa: ayakatae macho yake, ashike maneno ya msichana aliyekuwa akifua nguo zake uani kwake.

"Wewe umeona mwenyewe?" akaniuliza. "Si kuambiwa?"

"Nimeona mwenyewe."

"Ile siku mlipokosea," akasema polepole, "mlikuja mkaniambia mmekosea."

"Ndiyo, mayu."

"Mngeweza kuninyamazia. Mimi ningejuaje?"

Mama Kabula alilizungusha rando mkononi mara mbili, karibu na udongo, akavuta. Mizizi ilitoka na tope lake. Akalitupa juu, kwenye ardhi kavu mbali na maji, akajifuta mikono kwenye khanga, akasogea hatua moja mbele.

"Haya," akasema. "Na hili?"